Mia kwa Mia ya Watoto Wangapi?

Kila mwaka, masomo yanapofungwa na matokeo ya mtihani wa mwaka wa sita yanapotangazwa, mitaa yetu ya Lubumbashi huchangamka. Watoto waliofaulu hupakwa poda nyeupe kichwani na usoni, mama zao hupiga vigelegele, na mwenye uwezo huchinja kuku. Hayo ni mema, nasi hatuna neno la kuyapinga. Mtoto aliyevumilia miaka sita, akaamka alfajiri, mara nyingine bila chai, akabanana na wenzake watatu katika benchi moja, anastahili poda yake, na kuku pia.

Lakini siku hizo hizo huonekana jambo lingine. Juu ya lango la shule hutundikwa kitambaa kirefu kilichoandikwa kwa herufi kubwa: 100 %. Wazazi wanaopita njiani huinua macho, husoma, na kusema moyoni: hapa ndipo nitakapomleta mdogo wake. Ni juu ya kitambaa hicho tunapotaka kuzungumza leo na wazazi wenzetu, na pia na wanafunzi wakubwa wanaosoma ukurasa huu, maana wao ndio wanaohesabiwa.

Mtihani wenyewe wengi wanaujua. Kwa miaka mingi uliitwa TENAFEP. Siku hizi huitwa ENAFEP. Hutayarishwa na Serikali kwa ajili ya nchi nzima, nao hufanywa mwishoni mwa mwaka wa sita, kwa lugha ya Kifaransa. Mtoto huulizwa Kifaransa, hesabu na maarifa ya jumla. Haandiki maneno mengi: chini ya kila swali yamewekwa majibu kadhaa, naye huonyesha lile analoliona kuwa sahihi. Anayefaulu hupewa cheti cha masomo ya msingi.

Mtihani mmoja kwa nchi nzima una faida yake, na tuiseme kwanza, asije mtu akadhani kwamba tunautukana. Mtoto wa mkubwa na mtoto wa mchimba mawe huulizwa maswali ya kadiri moja. Mwalimu mwenye upendeleo hawezi kumwongezea pointi mtoto wa rafiki yake. Mtoto wa kijijini, ambaye hakuna aliyewahi kulisikia jina la shule yake, huweza siku hiyo kuwapita watoto wa mjini wanaoletwa kwa gari. Hakuna sababu ya kutamani kuuondoa. Neno letu ni juu ya jinsi tunavyousoma.

Katika nyumba yetu yupo binti wa marehemu kaka yetu. Alikuja kwetu akiwa mdogo, na leo hatumtofautishi na wale tuliowazaa. Ni mtoto wa maneno machache, mwepesi wa kazi za mikono, mzito kidogo katika hesabu za sehemu. Mama wa watoto huuza unga na mafuta sokoni, na daftari lake la madeni huandikwa na binti huyu jioni, kwa Kiswahili, kwa mwandiko safi kuliko wetu. Na hatujasikia mdeni aliyelalamika kwamba amedaiwa zaidi.

Mwaka jana, mwisho wa mwaka wa tano, alileta nyumbani buletini yenye pointi 54 kwa mia. Aliyefika nusu amevuka. Ndivyo tulivyozoea tangu siku zetu wenyewe. Hata hivyo tuliitwa shuleni, sisi na mama wa watoto.

– Baba, alisema mkuu wa shule, mtoto amevuka, hatukatai. Lakini tunawashauri arudie mwaka wa tano.

– Kwa sababu gani, Mkuu?

– Mwaka wa sita si wa watoto wa 54. Mwaka wa sita ndio unaobeba jina la shule. Miaka minne sasa tunapata mia kwa mia. Mkitaka aendelee, iko shule nyingine kule chini ya barabara. Wao wanapokea wote.

Mama wa watoto alikuwa amenyamaza tangu tulipoketi. Ndipo akasema:

– Mwalimu, samahani, naomba kuuliza. Akirudia, mtamfundisha kitu gani ambacho hamkumfundisha mwaka huu?

Mkuu alitazama dirishani. Kisha akatuambia twende tukatafakari, turudi Jumatatu.

Msomaji asiye na binti atauliza: mwaka mmoja ni kitu gani? Mwenye binti hataliuliza swali hilo. Msichana wa miaka 12 anayerudishwa kuketi na watoto wafupi kuliko yeye huanza kuona haya, na haya huwatoa wasichana shuleni upesi kuliko ukosefu wa daftari. Mwaka unaofuata ana miaka 13. Mtu wa kwanza kumwambia kwamba amekwisha kuwa mtu mzima si mwalimu. Jirani zetu wawili wameyaona hayo katika nyumba zao, na watoto wao leo wana watoto. Basi shauri lile la upole, lililosemwa kwa sauti ya chini katika ofisi yenye mapazia, lilikuwa ni shauri juu ya maisha yote ya mtu.

Sasa tuirudie hesabu ya kitambaa. Asilimia 100 maana yake ni kwamba wote waliokaa kwenye mtihani wamefaulu. Haisemi ni wangapi waliokaa. Tufanye hesabu ndogo ya mfano, kama zile tulizofanya ubaoni utotoni. Shule ya kwanza iliingiza watoto 80 katika mwaka wa kwanza. Miaka sita baadaye 30 wakakaa kwenye mtihani, na 30 wakafaulu. Shule ya pili iliingiza vilevile watoto 80. Wakakaa 60, wakafaulu 51. Shule ya kwanza ina mia kwa mia, nayo inatundika kitambaa. Ya pili ina 85 kwa mia, nayo inaona haya. Lakini hesabuni vyeti: huku 30, kule 51. Ni shule ipi iliyowatumikia wazazi wa mtaa wake?

Na wale 50 wa shule ya kwanza wamekwenda wapi? Wengine walihama na wazazi wao. Wengine walikufa, Mungu awapokee. Wengine walikosa viatu, au walikwenda kuchimba. Hayo yote hatumwekei mwalimu mgongoni. Lakini wamo kati yao walioambiwa kama tulivyoambiwa sisi: rudia, au nenda chini ya barabara. Shule ile ya chini ya barabara inawapokea, na mwisho wa mwaka hesabu yake inashuka kwa sababu imewapokea, kisha sisi wazazi tunapita langoni pake tukisema: hawa hawajui kufundisha.

Wala jambo hili si la Kongo peke yake. Nchini Kenya, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi uliojulikana kwa herufi KCPE ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1985 na kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Kila mwaka magazeti yalipanga shule kwa wastani wa pointi, ya kwanza, ya pili, hadi ya mwisho. Baada ya muda zikaonekana shule zilizowarudisha nyuma watoto dhaifu, au kuwaandikisha kwenye kituo kingine cha mtihani ili wasishushe wastani. Mwaka 2014 Serikali ya huko ikakataza kupanga shule namna hiyo. Majirani zetu, basi, wanakijua kitambaa chetu. Kwao kilichapwa gazetini.

Tusimtupie mkuu wa shule mzigo wote. Ni mtu mwenye bidii, na tumemwona akifundisha mwenyewe darasa lililokosa mwalimu. Yeye naye amerithi mambo. Mwaka 1974 Serikali ilizichukua shule za misheni. Mwaka 1977 ikafanya mapatano na madhehebu, zikarudi mikononi mwao kuziendesha chini ya sheria ya nchi. Kisha ikaja miaka ya 1992 na 1993, mshahara wa mwalimu ukawa kama si kitu, na wazazi wakaanza kulipa ile iliyoitwa primu ili walimu wasiache ubao. Tangu hapo shule ikawa kama duka: mzazi analipa, basi mzazi achague, basi shule ionyeshe bidhaa yake. Kitambaa cha langoni kilizaliwa katika hali hiyo. Katiba ya mwaka 2006 ilisema katika fungu la 43 kwamba masomo ya msingi katika shule za umma hayalipwi. Lakini ni mwezi wa 9 wa mwaka 2019 ndipo neno hilo lilipoanza kutimizwa kwa kweli. Watoto wakafurika. Madarasa yakajaa hadi dirishani, na walimu wengi wakangoja mshahara wa Serikali bila kuuona. Katika msongamano huo mkuu wa shule anashika kile anachoweza kukionyesha: ile mia yake.

Inafaa pia tujue kwamba kuwapima watoto hakukuanza kwa ajili ya kupanga shule mstari. Mwaka 1904 wakubwa wa elimu wa Ufaransa waliunda tume ya kuchunguza watoto walioshindwa kufuatana na wenzao darasani. Mmoja wa watu wa tume hiyo, Alfred Binet, pamoja na mganga Théodore Simon, walitoa mwaka 1905 mfululizo wa majaribio 30, kutoka mepesi hadi magumu. Shabaha yao ilikuwa kumtambua mtoto anayehitaji kufundishwa kwa namna nyingine, apewe msaada. Mtoto aliyepata kidogo ndiye aliyetafutwa. Kwetu, aliyepata kidogo ndiye anayefichwa.

Waingereza walitangulia kupotea njia hiyo. Mwaka 1862 waliweka sheria kwamba fedha za Serikali kwa shule za watoto maskini zifuate matokeo: mkaguzi anakuja, anawasikiliza watoto wakisoma, anatazama mwandiko na hesabu zao, na shule inalipwa kwa kadiri ya waliofaulu. Matthew Arnold, ambaye ulimwengu unamkumbuka kama mshairi, alikuwa mkaguzi wa shule kwa miaka 35, nayo sheria hiyo haikumpendeza hata kidogo. Aliona kwamba watoto walikariri kitabu kizima cha kusomea mwaka mzima, hata siku ya mkaguzi wakaweza kukitamka vizuri sana, bila kukielewa, na bila kuweza kusoma kitabu kingine. Fedha zililipwa. Sheria ile ikafa mwishoni mwa karne ile ya 19.

Na asiyependa mambo ya kale asikie ya Marekani. Mwaka 2002 Rais wa huko alitia sahihi sheria iliyotaka watoto wa shule za umma wapimwe kila mwaka, na shule isiyopanda ikaonywa na kuadhibiwa. Katika mji wa Atlanta pointi za watoto wa shule za msingi zikapanda kwa ajabu, na mwaka 2009 mkubwa wa shule zote za mji akapewa heshima ya kuwa wa kwanza katika nchi nzima. Lakini watu wakachunguza karatasi zenyewe. Wakaona jibu lililofutwa, kosa likageuzwa kuwa sahihi, na tena, na tena, mara nyingi kuliko mtoto yeyote awezavyo kujisahihisha. Taarifa ya mwaka 2011 ilitaja walimu na wakuu 178 katika shule 44. Wengine walikuwa wamekutana baada ya masomo, wakiwa na kalamu na vifutio, wakasahihisha wao wenyewe kazi za watoto. Mwaka 2015 watu 11 wakahukumiwa na mahakama kuwa na hatia.

Habari hiyo inatuumiza kwa sababu moja kubwa kuliko kifungo cha walimu. Wengi wa watoto wale walikuwa weusi, wa familia maskini. Mtoto ambaye hakujua kusoma aliletewa nyumbani karatasi inayosema kwamba anajua. Mama yake akafurahi. Msaada aliostahili hakupewa, kwa kuwa karatasi ilisema hana haja nao.

Je, watoto wetu wanajua kusoma? Hilo ndilo swali lililo nyuma ya mtihani, nalo lina jibu lisilopendeza. Upo upimaji mwingine uitwao PASEC, unaofanywa katika nchi nyingi za Afrika zinazofundisha kwa Kifaransa. Hautoi cheti kwa mtoto wala sifa kwa shule. Huchukua watoto wa shule chache zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, ili nchi ijue hali yake. Mwaka 2019 nchi 14 zilipimwa, nasi tukiwamo. Katika nchi hizo zikiwekwa pamoja, zaidi ya nusu ya watoto waliofika mwisho wa shule ya msingi hawakufikia kiwango cha kusoma kinachotosha kuendelea na masomo. Na nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zile zilizobaki chini. Wasomaji waliweke neno hilo kando ya vitambaa vya langoni, wajiulize vipi yote mawili yanaweza kuwa kweli.

Ni kweli yote mawili, na sababu mojawapo ni lugha. Mtoto wetu huota kwa Kiswahili, hugombana kwa Kiswahili, huhesabu chenji kwa Kiswahili. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 imesema wazi kwamba lugha za taifa na lugha za mahali ziwe lugha za kufundishia. Katika shule nyingi za mjini, hata hivyo, mtoto huanza Kifaransa siku ya kwanza, na wazazi ndio wanaolidai hilo, kwa kuwa Kifaransa ni lugha ya kazi. Tunawaelewa. Lakini tazameni Burundi, jirani maskini kuliko sisi kwa mali za ardhini. Katika upimaji wa PASEC wa mwaka 2014, uliohusu nchi 10, watoto wa Burundi wa miaka ya kwanza, waliopimwa kwa Kirundi chao, waliwapita wote, katika lugha na hata katika hesabu. Mtoto aliyejifunza kwanza kwamba maandishi yana maana, kwa lugha anayoielewa, amepata ufunguo; mlango wa Kifaransa ataufungua baadaye. Aliyefundishwa kutamka tu, anapiga hodi miaka sita.

Tulitaka kulijua jambo hili kwa macho yetu. Mwaka 2009, huko Kenya, Tanzania na Uganda, ilianzishwa kazi iliyoitwa Uwezo: watu wa kujitolea walizunguka nyumba kwa nyumba na kumpa kila mtoto karatasi yenye herufi, kisha maneno, kisha fungu fupi, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Miaka hiyo ya kwanza ilionekana kwamba wengi wa watoto wa darasa la tatu walishindwa na hadithi ile ya darasa la pili. Karatasi ya namna hiyo haihitaji fedha. Jumamosi moja tuliandika hadithi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, na tukachagua nyingine ya urefu huohuo kwa Kifaransa, kutoka kitabu cha mwaka wa nne. Tukawaita watoto wa jirani uani. Walikuja saba, pamoja na binti yetu; wawili kati yao walikuwa tayari na cheti, tena kutoka shule yenye kitambaa.

Kwa Kiswahili, watano walisoma na kusimulia bila taabu, binti yetu akiwa mmojawapo. Kwa Kifaransa, wote saba walisoma kwa sauti nzuri, na mmoja kama mtu wa redio. Tukasema: sasa simulieni. Ukimya. Ilikuwa hadithi ya mzee aliyepotelewa na mbuzi wake. Wawili tu walijua kwamba kuna mbuzi aliyepotea. Mwingine alidhani mbuzi ndiye mwenye shamba, na wenzake walicheka, ingawa wao wenyewe hawakuwa na habari bora. Tulimgeukia kijana mmoja wa wale wenye cheti, mtoto mwenye adabu, aliyepakwa poda mbele ya macho yetu mwaka uliopita.

– Baba, alijibu, kwenye mtihani hawaulizi kusimulia. Wanauliza a, b, c au d.

Hakuwa anafanya mzaha. Mwaka wa sita mzima walikuwa wamefanya kazi moja, kupitia maswali ya mitihani ya miaka iliyopita, hata wakajua jibu kabla ya kumaliza kusoma swali. Na kama majibu yaliyowekwa ni manne, hata anayefumba macho na kuchagua atapata moja katika kila manne, takriban. Kijana huyu sasa yuko mwaka wa saba, anapewa kurasa za historia na sayansi, na hakuna tena aliyemwekea majibu chini ya ukurasa. Mama yake ametuambia kwamba hataki tena kwenda shule, naye hajui kwa nini, maana alifaulu.

Kuhusu binti yetu, tulirudi Jumatatu ile kwa mkuu wa shule. Hatukupaza sauti. Mama wa watoto alikuwa amebeba daftari la madeni ya soko, akaliweka mezani, akamwomba alisome. Mkuu akageuza kurasa kwa muda mrefu kuliko tulivyotazamia. Akaandika kwamba mtoto anavuka, kwa sharti kwamba sisi tutasimamia hesabu zake jioni. Sharti lilikuwa la haki, na tunalitimiza. Hesabu za sehemu tunazikata kwa mihogo, nazo zinaeleweka vizuri zaidi kabla ya kuchemshwa. Mwisho wa mwaka huu atakaa kwenye mtihani. Pointi atakazopata hatuzijui, wala yeye hazijui, na kuna usiku anaamka kuuliza kama atakuwa yeye wa kukishusha kitambaa.

Kwa ajili ya usiku huo, na kwa kuwa sisi ni mmoja wa watu wa komite ya wazazi, tulisimama katika mkutano wa mwezi uliopita. Tuliomba mambo mawili tu. La kwanza, siku matokeo yanaposomwa mbele ya wazazi, zisomwe hesabu tatu badala ya moja: walioingia mwaka wa kwanza, waliokaa kwenye mtihani, waliofaulu; na kwa kila aliyekosekana katikati, shule iseme kama amehama, amekufa au ameshauriwa kuondoka. La pili, kila miezi mitatu mtoto wa kila darasa asome ukurasa asioujua, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na asimulie, mbele ya mwalimu na mzazi mmoja, na jambo hilo lisipewe pointi.

Wazazi waligawanyika. Baba mmoja alisema kwamba tutaiharibia shule jina na watoto watakimbilia shule za kulipia. Mama mmoja wa nyuma kabisa, ambaye hatujawahi kumsikia akisema mkutanoni, aliuliza kama hesabu hizo tatu zitaanzia mwaka huu au zitarudi nyuma hadi mwaka ambao mwanawe aliondoka. Walimu wawili walilikubali neno la pili mara moja, na mmoja akasema kwamba amelingoja. Mwenyekiti alitaka tupige kura.

Mkuu wa shule aliinua mkono kabla ya kura. Alisema kwamba kusoma ukurasa kunaweza kuanza wiki ile ile. Kuhusu hesabu tatu, alisema, lazima kwanza watu watazame daftari za kuandikishia za miaka ya nyuma, kwa kuwa yeye mwenyewe hajapata kuzijumlisha. Ziko katika kabati ya chuma, nyuma ya ofisi, na ufunguo anao yeye. Atakayetaka kumsaidia aje Jumamosi, saa 3 asubuhi, na kalamu yake.

Tumekwisha kupata majina sita. Mama yule wa nyuma ndiye aliyejiandikisha kwanza.